Meno katika Chungu cha Mrehani

Alief, Houston
9 Juni 1998

Kwa dadangu Mashavu,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na hiyo miguu yako inayosimama kutwa huko kazini, kwenye nyumba ya wazee. Sisi huku tuko. Joto la mwaka huu limetukaanga, lakini tuko.

Dada, nimefanya jambo la kijinga, nataka unisaidie kabla halijawa kubwa. Unajua Abdulghafur ana meno ya bandia, juu na chini, na kazi ya kuyaosha ni yangu tangu aliponioa. Akishakula huyatoa, hunipa, nami huyasugua. Juzi yalinitelezea yakaangukia chooni. Nikaona haya hayatoshi kusuuzwa kwa maji ya mfereji tu, na mtu atayatia kinywani asome Qur'ani. Nikayatahirisha mara saba, kisha nikayatia kwenye sufuria nikayachemsha sawasawa. Yalipotoka yalikuwa yamepinda. Ya juu yanacheza, ya chini hayakai kabisa. Na mwezi ujao ni Maulidi, msomaji ni yeye, na watu wanamsifu sauti hadi mji wa jirani wa Sugar Land. Sasa akifungua kinywa meno yanamdondokea ulimini.

Halafu mimi mwenyewe nilianguka bafuni nikajigonga mdomo. Jino la mbele likatoka zima na mzizi wake. Nililiosha, nikalikunja kwenye pamba, nikalizika kwenye chungu changu cha mrehani hapa roshani, maana nyanya alitufundisha kuwa kitu cha mwili hakitupwi ovyo. Tangu hapo ufizi umevimba. Niambie dawa.

Usinipigie simu. Kuna simu ya pili chumbani, na yeye huinyanyua akasikiliza. Barua itume kwa Nyaboke, yule Mkisii mwenye duka la unga na mchele hapa nyuma yetu. Ataniwekea.

Nduguyo mdogo,
Jannat


Grand Prairie
15 Juni 1998

Jannat mamangu,

Waaleikum salaam. Miguu inauma, mgongo unauma, na sasa umeniongezea kichwa. Alhamdulillahi kwa yote.

Nianze na mumeo, kwa kuwa ndiye uliyemtanguliza. Meno ya bandia hayachemshwi. Hayo si mayai. Mimi kila asubuhi nayaosha ya wazee wangu: maji ya vuguvugu, brashi laini, sabuni kidogo ya vyombo, na kitambaa ndani ya sinki ili yakiponyoka yasivunjike. Mtu akilala yakae ndani ya maji ya baridi, ufizi nao upumzike. Na ufizi wenyewe usuguliwe pamoja na ulimi, maana kukosa meno si ruhusa ya kuacha uchafu. Hayo yaliyopinda hayanyooki tena, aende apimwe mengine. Akiyalazimisha yatamchimba vidonda, na yeye ana sukari. Kidonda cha mtu wa sukari si cha kuchezewa, hata kiwe kidogo namna gani.

Sasa wewe. Jino si maiti, Jannat. Jino zima likitoka hushikwa kwa kichwa, usiguse mzizi, likatiwa ndani ya maziwa, na mwenyewe akakimbia kwa daktari wa meno saa ile ile. Hurudishwa pahali pake na pengine likashika. Wewe umeliosha, umelikafini, umelizika, ulichobakisha ni kulisomea talakini kaburini. Nilicheka peke yangu niliposoma, kisha nikaacha kucheka.

Nimewaokota wazee wengi bafuni. Huvunjika nyonga, hupasuka kisogo, huteguka mkono. Sijaokota hata mmoja aliyeanguka akatoka jino la mbele tu, na pua yake nzima, na kidevu chake kizima. Hilo bafu lenu lina ngumi?

Nijibu ukweli.

Dadako,
Mashavu


Alief
22 Juni 1998

Dada Mashavu,

Salamu kwanza, na afya yako naiombea. Mimi si mzima, na wewe umeshajua.

Siku nilipoyachemsha aliyageuzageuza mkononi. Aliyatia hivyo hivyo akaenda kwa wenzake kufanya mazoezi ya Maulidi. Yakamtoka mbele yao, yakaanguka juu ya mkeka. Watu walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka. Aliporudi nilikuwa nakuna nazi. Aling'oa mkono wa simu ukutani akanipiga nao mdomoni. Nikaona jino langu limelala juu ya machicha, jeupe kama nazi yenyewe, na mimi bado sijasikia maumivu.

Tangu hapo kila yakimcheza hunipiga, na hunipiga mdomoni tu. Hagusi pengine. Anasema, "Umeniharibia kinywa changu, nami naharibu chako. Jino kwa jino." Hunishika taya kwanza, akanigeuza uso kuelekea dirishani apate mwanga, kisha ndio anapiga. Chunguni sasa mna matatu. Niliyazika kabla sijaipata barua yako. Na hata ningeipata, maziwa ningeyapeleka wapi? Gari analo yeye, ndiyo teksi yake, ndiyo riziki yetu.

Nilimwomba anipeleke kwa daktari wa meno. Akasema, "Wataniuliza. Funga kitambaa. Sema umeanguka bafuni." Sasa naonea aibu pumzi yangu mwenyewe. Nikibonyeza ufizi unatoka usaha, shavu la kulia limejaa, na homa inakuja na kuondoka. Nakunywa uji kwa upande wa kushoto. Naweka karafuu.

Na bado akishakula ananipa yake niyaoshe. Nayaosha kwa maji ya vuguvugu, kama ulivyosema. Naweka kitambaa ndani ya sinki.

Usiniambie nitoke. Karatasi zangu za kukaa nchi hii ziko mikononi mwake. Nikirudi Mombasa mama ataulizwa na kila mtu.

Nduguyo,
Jannat


Grand Prairie
27 Juni 1998

Jannat mwanangu, maana leo wewe ni mwanangu,

Salaam aleikum. Sikuulizi hali. Barua yako niliisoma chooni kazini, nikauma taulo wenzangu wasinisikie.

Sikiliza vizuri. Usaha wa ufizi haukai ufizini. Tulikuwa na mzee mmoja hapa, jino lake moja lilioza, wanawe wakasema ni jino tu, mzee mwenyewe ana miaka yake. Sumu ikaingia damuni ikamshika moyo, na mimi ndiye niliyemfunika shuka. Karafuu inanyamazisha maumivu, haiui ugonjwa. Suuza kwa maji ya chumvi ya vuguvugu mara kwa mara, lakini hiyo ni ya kukushikilia tu mpaka nikufikie. Unataka daktari, na unataka dawa ya kuua hiyo sumu.

Nakuambia utoke, na utatoka. Kuhusu karatasi, rafiki yangu Theodora, Mtanzania tunayefanya naye kazi, anasema mke anayepigwa huku anaweza kujiombea mwenyewe bila mumewe kutia sahihi, na anamjua wakili wa mambo hayo. Mama akiulizwa atajibu. Mama ana mdomo, na meno yake yote anayo.

Jumapili ya tarehe tano tunakuja na gari la Theodora. Ukishaswali adhuhuri toka kama unayekwenda kununua unga, ukae ndani kwa Nyaboke. Chukua pasipoti yako. Nguo nitakupa zangu.

Huyo mwanamume nikimkuta njiani sitajizuia, kwa hivyo omba nisimkute.

Dadako,
Mashavu


Grand Prairie
7 Julai 1998

Jannat,

Salaam aleikum. Tulikuja.

Tulikaa dukani kwa Nyaboke tangu adhuhuri hadi alasiri, akatukaangia mandazi hatukuyala. Hukutokea. Nikaja mlangoni kwenu mwenyewe. Alinifungulia yeye, kanzu imepigwa pasi, anatabasamu taratibu na mkono kidevuni. Nilijua meno ameyabandika kwa gundi na anaogopa yasimtoke. Akaniita shemeji. Akasema umelala, una homa ya joto, nije siku nyingine na mlango uko wazi. Kisha akaufunga.

Nikarudi dukani nikapiga simu polisi. Wakaja wawili, wakagonga, nami nimesimama ngazini. Ukatoka na mtandio umeufunga mpaka puani. Askari akakuuliza mbele yangu, nawe ukasema kwa Kiingereza, wewe usiyekipenda Kiingereza, kuwa umeanguka bafuni. Ulinitazama, kisha ukatazama chini. Askari akamwomba mumeo radhi kwa usumbufu.

Theodora aliendesha, mimi nililia mpaka mji wa Huntsville. Baada ya Huntsville nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo. Nilikuja mpaka mlangoni kwako, Jannat. Ulibakisha hatua moja.

Sikuandikii tena mpaka wewe uandike. Naona naandika uongo, nitaandika hata kesho. Mate yako yana damu? Homa imeshuka?

Mashavu


Houston
16 Julai 1998

Dadangu Mashavu,

Waaleikum salaam. Naandika nikiwa hospitalini, mzima wa kuweza kushika kalamu. Natumai nawe hujambo, na kwamba bado unanitaka.

Siku ile alikuwa ameikuta pasipoti nimeifunga ndani ya leso, kwa hivyo hakwenda kazini wala mimi sikutoka. Mlangoni mliniona mimi, hamkuuona mkono wake. Ulikuwa nyuma yangu chini ya mtandio, ameuzungusha msuko wangu kiganjani, anauvuta polepole kila askari anapouliza. Ndiyo sababu nilisema nililosema.

Walipoondoka alitia mnyororo mlangoni. Akaleta koleo la gari. Akasema, "Mdomo huu ndio ulioita polisi, leo namaliza kazi." Alinilaza sakafuni jikoni akanikalia kifuani, magoti yake juu ya mikono yangu. Jino la kwanza alilolishika lilivunjika, likabaki nusu. Damu ikanijaa kooni nikawa naimeza. Koleo likamteleza, akaliweka kando akatia vidole ndani kuitafuta ile nusu. Hapo nikauma. Niliuma kwa yote niliyobakiwa nayo, mazima na mabovu, mpaka nikausikia mfupa. Alinigongesha kichwa sakafuni mara nyingi na sikuachia. Akapiga ukelele, na meno yake yakamtoka yakaniangukia shingoni. Ndipo nikafungua.

Alikaa chini akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Mimi nilimwambia, wallahi nilimwambia, "Nenda hospitali leo hii. Mdomo wangu una usaha na wewe una sukari." Akasema, "Niende niseme nini? Mke kaniuma? Wataniuliza." Dada, nilimtazama. Nikamwambia, "Basi funga kitambaa. Sema umeanguka bafuni." Sikumwambia tena siku nyingine yoyote, na hilo mimi na Mungu wangu tutaulizana.

Mkono ukafura kama mkate wa kumimina, ukaanza kunuka. Hakunigusa tena, hakuwa na mkono wa kunigusia. Siku ya Maulidi aliuficha ndani ya mkono wa joho akaenda Sugar Land kusoma. Wanawake waliokuwako, ndio walionileta hospitalini, wameniambia alianza vizuri, watu wakaitikia, kisha akawa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Walidhani ni khushui ya ibada. Akaanguka mbele ya watu wote, na wa kwanza kumkunja mkono wa joho alitapika.

Wamemkata mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Wanasema sumu ilikuwa imeshaingia damuni na ingepita siku moja zaidi angekufa. Leo ameamka. Muuguzi alimtoa meno akayatia kikombeni akanipa mimi, maana mimi ndiye mke, akanionyesha sinki.

Nikiwa nimekishika kikombe akaja daktari, mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Akamuuliza mkono ulipatwa na nini. Abdulghafur, mashavu yameingia ndani kama kizee, akasema ameanguka bafuni. Daktari akasema alama alizoziona kabla ya kuukata mkono ni za meno ya mtu. Akanigeukia. Akaniomba niushushe mtandio.

Abdulghafur akanitikisia kichwa kuwa nisishushe. Nikakiweka kikombe mezani, upande ambao hana mkono. Nikaushusha mtandio, nikafungua mdomo kwa kadiri unavyofunguka. Daktari akawasha kitochi chake. Alitazama kila pahali, hata chini ya ulimi. Kisha akanishika bega akanitoa nje, akamwita polisi, na safari hii nilihojiwa peke yangu chumbani na mlango umefungwa.

Homa imeshuka, wamenitia dawa mshipani. Jumatatu wananing'oa yaliyooza, na daktari wa meno anasema ya mbele nitatengenezewa ya bandia. Utanifundisha mwenyewe kuyaosha. Sitayachemsha.

Njoo na Theodora. Chungu cha mrehani kiko kwa Nyaboke, nimemwambia atakupa, usikimwagie maji mengi. Kikombe nimekiacha pale mezani. Sikumwoshea.

Nduguyo,
Jannat