Jani la Isale

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Machi 1976

Dada Candida,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila sabuni tunaisikia tu. Lile jani la isale nililokuagiza kwa ajili ya mchezo wetu lilifika bado bichi.

Uliuliza mchezo ulikwendaje. Watu walijaa, dada. Devendra, rafiki yangu Mhindi wa Upanga, aliigiza mlanguzi. Mama yake, Champaben, ndiye aliyetushonea nguo zote, naye alikaa mbele kabisa.

Mwishoni mlanguzi alitakiwa kupiga magoti na kunipa isale mimi, mwenyekiti wa kijiji, nami nilipokee, kijiji kimsamehe. Nilimfundisha mwenyewe kwamba kwetu Uchagani isale halikataliwi, hata likiletwa na aliyemwaga damu. Tulitaka watu waende nyumbani na hilo.

Lakini alipopiga magoti wakaanza kupiga kelele, "Mfukuze! Arudi kwao!" Nikampa mgongo. Ukumbi mzima ukashangilia, na mimi nikafurahi, dada, nisikufiche. Devendra akabaki chini pale, jani mkononi.

Kesho yake Champaben aliniletea jani hilo dukani, amelifunga vizuri kwenye gazeti. "Mwanangu anasema hili ni la kwenu," akasema. Nikamkaribisha chai, hakukaa.

Baba usimwambie, tafadhali. Ila nitumie isale jingine, upesi. Siwezi kumwomba Devendra radhi kwa jani alilonipa yeye nikalikataa.

Mdogo wako,
Gaudens