Nusu ya Kamba ya Pilipili

Kibenga, Bujumbura
10 Mei 1998

Kwako shemeji yangu Mwavita,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo hii, na pole kwa malaria. Eddy wa taksi, anayetubebea barua, aliniambia ilikulaza. Umepona? Unakula? Sisi ni wazima, ila mama anakohoa, na kila akikohoa anataja jina lako. Sijui kama ni sala au lawama.

Nina mambo mawili. La kwanza unalijua. Familia imepanga kuganduka, kumaliza msiba, Jumamosi tarehe 4 Julai. Ni miaka mitatu tangu kaka yangu Sylvère apotelee Kamenge kwenye vita, na mama hataki kufa matanga ya mtoto wake wa kwanza yakiwa hayajaondolewa. Bila mjane kukaa mkekani hatuwezi kuyaondoa. Nawe huwezi kumjibu yule mwalimu Mugisho kabla ya siku hiyo. Usione haya, nimesikia. Kaka alikupenda, asingetaka uzeeke peke yako Uvira.

La pili ni la kuchekesha. Masera Arantza, huyu mtawa mzee ninayempikia, amegoma kula. Anataka pilipili za kwao, kwa Wabaski, zile nyekundu ndefu zisizowasha, zinazokaushwa kwenye kamba. Na embargo hii, bidhaa haziingii nchini! Nimezunguka maduka yote ya mjini. Mgriki mmoja akanitolea kopo la pilipili za Kihispania lenye kutu. Masera akalinusa, akasema, "Hii ni binamu, si ndugu." Kwa Muhindi nikapata unga mwekundu, akasema nikapakie mlango. Nikafika mpaka kwenye maghala ya Quartier Industriel, mlinzi akanicheka: watu wanatafuta chumvi, we unatafuta pilipili isiyowasha!

Unakumbuka mbegu ambazo Masera alimpa Sylvère alipokuwa mtunza bustani wake? Hapa Kibenga viboko walitoka ziwani wakakanyaga miche, akaihamishia kwenu Kamenge. Nilidhani imekwisha pamoja naye. Sasa sikiliza. Alhamisi nimepita soko kuu, kwenye meza ya Candide muuza vitunguu, nikaona kamba ya pilipili zile zile! Nusu ina pilipili, nusu ni uzi mtupu, nadhani zilimwishia mfungaji. Nikamwuliza Candide nani amemletea.

"Mi sijue, papa. Nafikaka asubui, naikuta ku meza, imefunikwa na jani ya mugomba. Soko inafungwaka, sentinele iko, couvre-feu iko, usiku akuna mutu anatembeaka. Nani atapita?"

Hata hivyo, Masera amekula sahani mbili. Niandikie kuhusu Julai.

Shemeji yako,
Télesphore


Uvira
19 Mei 1998

Shemeji Télesphore,

Salamu zako zimenifikia na nimezirudisha zote, za mama nampigia magoti. Malaria imekwisha, uchovu ndio haujaaga. Ya Mugisho niachie mwenyewe. Ulimi wa Eddy ni mrefu kuliko barabara ya Gatumba.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Unasema pilipili zilimwishia mfungaji. We ulikuwa ukija kwetu kula, hukukaa hata siku moja ukatazama kazi. Kamba tulikuwa tunaifunga wawili. Sylvère anaanzia ncha yake, mi ncha yangu, tunakutana katikati. Vikonyo vyake vinalala kulia. Vyangu vinalala kushoto, maana mi ni wa mkono wa kushoto, na mama yenu alikuwa akinitania kwamba hata ndoa nimeifunga kinyume. Nusu yangu hakuigusa kamwe. Hata nilipolazwa hospitali aliiacha tupu, akaining'iniza hivyo hivyo, ikaningoja.

Itazame hiyo kamba. Vikonyo vimelala upande gani? Na umwulize Masera kama zinawasha. Ni yeye aliyemfundisha Sylvère kuzipanda mbali na pilipili kali, maana zikikaa jirani mbegu zao zinageuka kali. Kama hakuna mtu aliyezitenga miaka hii yote, lazima ziwashe.

Niliondoka Kamenge na kitenge na sufuria. Mwili sikuuona, na sijakutana na mtu aliyeuona. Kutumaini kumenichosha, Télesphore. Niambie ukweli tu.

Shemeji yako,
Mwavita


Kibenga
3 Juni 1998

Kwako shemeji Mwavita,

Nakusalimu nikiwa mzima wa mwili. Moyo ni habari nyingine.

Vimelala kulia, vyote. Na haziwashi. Masera anasema ni tamu kama za mama yake, kuna mtu anazitunza.

Basi nikapanda basi dogo mpaka Kamenge, mchana kweupe. Watu wamerudi barabara za karibu na hospitali, lakini upande wenu bado ni magofu. Mabati yamekwenda, milango imekwenda, na majani kwenye viwanja yamenipita kimo. Isipokuwa kiwanja chenu. Kimepaliliwa. Pilipili zimesimama kwa mistari, na udongo umelowa, wakati mvua imekatika na bomba halina hata tone. Nilitafuta nyayo nikaona zangu tu. Ukutani, kwenye msumari ule wa zamani, imetundikwa kamba nyingine, nusu tupu.

Chini yake kuna vibao viwili vya kukalia, vinatazamana. Nilikigusa kimoja, kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Nikajiambia ni jua. Nikakigusa cha pili, kilichokuwa kwenye jua hilo hilo. Kilikuwa baridi.

Nikatoka haraka. Njiani nikamwuliza mama mmoja aliyerudi mwaka jana ni nani anayelima pale.

"Pale? Apana, papa. Pale akuna mutu. Asubui tunasikiaka tu maji inamwangika."

Shemeji, nimeogopa, nakwambia wazi. Kaka yangu angekuwa hai angekuja kwa mama yake, si kwenye meza ya vitunguu. Njoo tarehe 4, ukae mkekani, tuondoe matanga, uolewe. Na Kamenge usikanyage bila mimi.

Shemeji yako akupendaye,
Télesphore


Uvira
14 Juni 1998

Shemeji,

Nakusalimu, na mama, na Masera pia. Mi ni mzima. Tangu barua yako nalala vizuri, jambo ambalo sikulitegemea.

Kibao kile cha baridi ni changu.

Usinikasirikie. Mugisho nimemwambia angoje. Sisemi Sylvère yu hai. Labda yu hai na akili imempotea, labda sivyo. Lakini mtu anayeacha nusu yangu tupu msimu hadi msimu, nani amemwambia kwamba nimeondoka? Tulikimbia kila mtu na njia yake. Hatukuagana. Mnataka nikae mkekani niseme nimemwachilia, na yeye bado amenishikia nafasi! Aibu hiyo siiwezi.

Nitavuka na Eddy tarehe 1. Nitafunga nusu yangu, mara moja tu, nimwambie kwamba imetosha. Jumamosi nitakuwa kwa mama kabla ya wageni. Mwambie apike pombe ya impeke ya kutosha.

Shemeji yako,
Mwavita


Kibenga
9 Julai 1998

Shemeji Mwavita,

Nakusalimu, popote ulipo. U mzima? Naandika swali hili kwa mazoea.

Mkeka wako ulikaa mtupu. Wageni walikunywa wakaondoka. Eddy anaapa kwamba alikushusha kwenye kona ya Kamenge asubuhi ya tarehe 1, ukiwa na kikapu na kibunda cha uzi, na kwamba ulikuwa unacheka. Mama yako ameniandikia kutoka Uvira kuuliza utarudi lini. Sijamjibu.

Nimekwenda kwenu mara tatu. Kiwanja kimejaa majani, yamenipita kimo kama ya majirani, na mashina yake ni magumu, ya miaka. Hakuna mistari wala vibao. Msumari upo.

Leo ni Alhamisi, nikaenda sokoni. Candide alikuwa amesimama mbali na meza yake. Chini ya jani la mgomba kulikuwa na kamba, imejaa ncha hadi ncha. Vikonyo vinalala kulia mpaka katikati, na kutoka katikati vinalala kushoto. Zimefungwa vizuri, shemeji. Sijaona kamba nzuri kama hiyo. Nililia pale pale mbele ya watu.

Masera hakuonja. Alipiga ishara ya msalaba akaomba uji. Na mama anauliza tumeondoa matanga ya nani, na ya nani yanaanza.

Barua hii Eddy hawezi kuifikisha. Nitaiweka mwenyewe kwenye meza ya Candide jioni, chini ya jani, kabla hawajafunga lango. Kama umechagua kukaa, msalimie kaka yangu, mwambie mama anamkohoa yeye pia. Lakini kama ulitaka kurudi ukashindwa, Alhamisi ijayo acha nusu yako tupu. Nitakuja kukuchukua.

Shemeji yako,
Télesphore