Kushuka kwa Gia ya Pili

Jumamosi, mwezi wa saba. Karatu.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hadi sikuliona banda la ng'ombe la jirani, na baridi ilikuwa ile ya kuvaa soksi juu ya soksi. Sasa ni jioni, nimerudi, nimekaa jikoni karibu na mkaa. Nimechoka, lakini nataka niandike kabla sijalala.

Leo Mama amepanda gari langu.

Wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza watasema, kwani hilo nalo ni la kuandika? Ngoja nieleze. Miezi miwili iliyopita mdogo wangu Paskalina alijifungua kule Mto wa Mbu. Mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza wa Mama. Alijifungua kwa upasuaji na kidonda kikamsumbua, hivyo kupandisha huku kwetu hakuweza. Siku chache baadaye Mama akajaza kibuyu maziwa ya mgando, akavaa kitenge kipya, akaketi mbele pembeni yangu na kibuyu mapajani. Tukaanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa.

Katikati ya mteremko pedali ya breki ikazama. Sisemi ililegea, nasema ilizama. Mguu ukafika sakafuni na gari likazidi kwenda. Nikavuta breki ya mkono, nikaliingiza kwenye mtaro wa upande wa mlima, likakwangua ukuta wa udongo, likasimama. Hatukuumia. Maziwa yote yalimwagika kwenye kiti.

Mama hakupiga hata kelele. Alishuka, akakung'uta kitenge, akaanza kupandisha mlima kwa miguu kurudi Karatu, na mgongo wake ule mbovu. Mimi nyuma nambembeleza.

"Kwenye gari la baba yako mimi sipandi tena," akasema, bila kugeuka.

Na basi la abiria hawezi kupanda, mara ya mwisho lilimlaza kitandani wiki nzima. Kumtuma mtu apeleke maziwa hataki kusikia. Kwake yeye, maziwa ya mzazi yanapelekwa na mama yake mwenyewe, kwa mkono wake. Kwa hiyo mtoto akafika miezi miwili bibi yake hajamshika. Paskalina alikuwa akituma picha, na Mama anaitazama simu, anairudisha, anakwenda kupepeta maharage kimya. Kile kimya kilinitesa kuliko kama angenifokea.

Gari lenyewe ni la marehemu Baba. Dogo, jeupe, lina umri mkubwa kuliko wanafunzi wangu wote. Mwezi huu ndipo nikalipeleka kwa Fundi Gwandu, na huu msimu gereji yake imejaa magari ya watalii, makubwa, yamejipanga kama ng'ombe mnadani. Kigari changu kikasubiri pembeni siku nne. Dereva mmoja wa watalii akanihurumia, akanishauri nichomeke springi ngumu kama zao, gari linyanyuke, lisahau mashimo.

"Ukiweka hizo," Gwandu akamkatiza, "huyo mama mgongo utamalizika kabisa. Kigari chepesi hiki, kitarukaruka kama mbuzi."

Nikacheka, kisha nikataka kujua kwa nini. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nilianza kuuliza na sikunyamaza tena, mpaka Gwandu akanipa ndoo niikalie.

Alibonyeza buti la gari kwa mikono miwili akaliachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. Shokapu zimekufa, akasema, kazi yake ni kuituliza springi isicheze ngoma. Akafungua tairi za mbele. Diski za breki zilikuwa na rangi ya bluu iliyokaribia zambarau, rangi nzuri kweli, nikasema hivyo, naye akanitazama kama mtu aliyesifia jipu. Chuma kikiwa na rangi hiyo kimeungua. Kisha akanionyesha mafuta ya breki aliyoyatoa, kwenye chupa ya maji. Meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.

Akaniambia mafuta hayo hunywa unyevu mwaka hadi mwaka. Breki zikipata moto sana, ule unyevu unachemka, unatoa mapovu. Mafuta hayabonyei, mapovu yanabonyea. Ndiyo maana mguu ulifika chini.

Jamani! Niliruka kwenye ndoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kimiminika hakigandamiziki, gesi inagandamizika, nimeliandika hilo ubaoni mara ngapi sijui. Nawaambia watoto wasugue viganja waone joto linavyozaliwa. Na kumbe somo lote lilikuwa chini ya kiatu changu.

Ndipo Gwandu akauliza, taratibu tu, huku akifuta mikono:

"Mwalimu, ule mteremko unashukaga na gia ya ngapi?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Frii," nikasema.

Ndiyo. Naandika hapa ili lisinitoroke. Nikifika kichwani mwa mteremko natoa gia, gari linateleza lenyewe hadi chini, mguu juu ya breki njia nzima. Baba ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akisema kipande kile Mungu ametupa bure, kwa nini tuchome petroli. Huku kwetu nusu ya watu wanashuka hivyo na wanajiona wajanja. Nami nilijiona mjanja kwa miaka sita.

"Basi breki hazikukosea," Gwandu akasema. "Uliziachia kazi ya watu wawili, yao na ya injini."

Miezi miwili nililaumu gari bovu la Baba. Nilimwambia Mama ni gari. Nilimwambia Paskalina ni gari.

Tulilitengeneza, na si kulirudisha lilivyokuwa. Gwandu alitafuta diski nene zaidi, za gari kubwa la ukoo huohuo, zenye nafasi katikati ya kupitisha hewa, pamoja na vishikio vyake vya kuzibana na pedi zinazovumilia moto. Mipira mipya ya breki, mafuta mapya, angavu kama asali mbichi. Shokapu mpya nne, springi ngumu kidogo tu kuliko za zamani, na bushi zote, zile raba ndogo zinazozuia chuma kugonga chuma. Nilishika kila kitu mkononi kabla hakijafungwa. Nilitaka kujua kila kimoja kinazuia nini. Tukalibonyeza tena buti: likapanda mara moja, likatulia. Nililibonyeza kama mara kumi, fundi akanifukuza.

Mama alikubali kupanda kwa sababu Gwandu mwenyewe alikuja nyumbani kumwambia. Mimi hakuniamini, na alikuwa na haki.

Leo, juu kabisa ya mteremko, pale wageni wanaposhushwa wapige picha ziwa, nilisimamisha gari. Nikamwambia Mama ukweli: siku ile kosa halikuwa la gari, lilikuwa langu, nilitoa gia.

Akakiweka sawa kibuyu mapajani. Nilidhani atafungua mlango.

"Baba yako naye alikuwa anaachia," akasema mwishoni. "Gari likinyamaza tu, mimi naanza rozari. Namaliza tukifika kwenye migomba kule chini."

"Aayo, mama yangu, miaka yote hiyo? Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Nilijua ndivyo magari yanavyoshuka."

Nikaingiza gia ya pili, nikaondoka. Injini ikaanza kunguruma, na Mama akashika mlango.

"Linalalamika nini?"

Nikamwambia halilalamiki, injini ndiyo inatushikilia tusikimbie. Akasikiliza. Breki niligusa kwenye kona tu, gari halikuinamisha pua kama zamani. Tulipopita kwenye mtaro, alama ya mkwaruzo bado ipo kwenye udongo, na nilimgeukia nione atafanya nini.

Alikuwa amelala. Mdomo wazi kidogo, mikono imekikumbatia kibuyu, na rozari bado iko ndani ya mkoba.

Nililia kidogo, nakiri, macho yangu yakiwa barabarani.

Kule chini alikifungua kibuyu mbele ya Paskalina, maziwa yamefika shingoni vilevile, hata tone halikupotea. Kisha akanawa mikono, akapewa mtoto. Alimchunguza vidole vya miguu kimoja kimoja.

Nimekaa hapa karibu na mkaa na swali moja haliniachi. Kwa zaidi ya miaka ishirini Mama aliogopa kila safari, na hatukujua, kwa sababu hatukumuuliza. Kesho tukitoka misa nitamtengea chai, nikae kwenye kigoda chini yake, nianze kuuliza: ni mambo gani mengine uliyoyavumilia, Mama, ukidhani ndivyo yalivyo?