Jani la Mgomba na Swichi ya Mwanga

Kaka Deo, shikamoo. Na Mama anayekusomea kadi hii, shikamoo.

Baridi ya Uholanzi inauma mpaka kwenye kucha, ila leo nimeisahau. Mzee anayenifundisha maabara hapa chuoni amenionyesha kioo kilichopakwa dawa isiyo na rangi, kimeungwa nyaya. Akakimulika kwa taa ya zambarau: dawa ikageuka buluu, umeme ukapita! Akakimulika kwa taa ya manjano: rangi ikafutika, umeme ukakatika. Swichi, kaka, na hakuna mkono ulioigusa! Anasema chembe za dawa hiyo, ndogo kuliko vumbi, hubadili umbo zikipigwa na mwanga.

Nikamwambia, "Kwetu Nyanga migomba inafanya hivyo. Jua kali likiwaka majani yanajikunja, jioni yanafunguka."

Akacheka, kisha akaniomba nimchoree jani. Kuyatazama majani hayo nilijifunza kwako, ulipokuwa ukitengeneza redio za watu uani, chini ya migomba, baada ya vita.

Mama, jua likipungua mtoe Kaka kitandani umpeleke nje, umwegemeze vizuri, aangalie majani yakifunguka.

Kaka, swichi hii nataka nije nikueleze mwenyewe. Tafadhali, ugonjwa usikushinde, nisubiri.

Mdogo wako,
Adelina