Jibu Ulilolipata Bila Njia

Mwende, mama yangu,

Tangu uhamie mtaa wa Baba Dogo tunaulizana afya kwenye simu, basi. Wacha leo niandike, maana kwa mdomo nitajikanyaga.

Ulikuwa na miaka kumi na minne ulipozoea kuketi kando yangu hapa Ziwani nikichonga. Gogo moja lilinipa twiga wanne, nami nikajiona fundi kamili. Siku moja ukachukua chaki, ukalizungusha gogo, ukachora. "Baba, huyu mgeuze kichwa chini. Shingo yake ipite katikati ya miguu ya huyu." Wakatoka watano. Nikauliza umepimaje. "Sijapima. Naona tu." Niliwaringia wachongaji wenzangu mpaka wakanichoka.

Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka uliofuata nikaitwa shuleni. Katika mtihani wa hesabu ulikuwa umepata majibu yote, na karatasi haina hatua hata moja. Mwalimu akasema umeiba majibu. "Mzee, jibu bila njia limetoka wapi?" Ukaniangalia mimi, si yeye. "Baba, mwambie vile mimi hufanyanga." Nami, kama wazazi tunavyofanya tukiitwa, nilishaanza kuomba radhi kabla sijaketi. Niliogopa utafukuzwa. Nikatia sahihi barua iliyosema binti yangu alinakili na hatarudia, kisha nikakuambia nawe utie yako. Ukatia.

Hukufukuzwa. Ukawa unaandika kila hatua, polepole, na ukaanza kukosa majibu. Kando yangu hukuja kuketi tena, nikajiambia ni ujana. Sasa unapanga ndoo kiwandani. Siidharau kazi hiyo, ni ya halali, lakini nikiiwaza namkumbuka yule twiga wa tano.

Mwezi jana nilirudi kumwambia mwalimu yule kwamba nilidanganya. Alinisikiliza kwa heshima, halafu akauliza, "Mwende yupi, mzee?" Nilieleza na kueleza. Hakukukumbuka, na barua zile za zamani zilishatupwa. Nilipokupigia kukusimulia, ulisema, "Baba, achana na hizo. Siku hizi hata mimi naona pengine nilikopi."

Hukukopi, mama. Nimechelewa, na sidhani utaniamini, lakini hukukopi.

Kaa salama huko uliko.

Baba yako