Maji ya Senje

Alhamisi, Mbotela. Kumeamka na wingu na baridi ya kukunja mtu, halafu saa nne jua likaingia bila hodi. Moyoni bado ni wingu.

Shajara yangu ya simuni, wewe unanijua. Mimi si wa kushangaa mji. Kampala nimefika, Mombasa mara mbili, na Kitale kuna kona nikipita watu wananyamaza. Kwa hiyo jana nilipofika kwa Senje, dada ya baba, mara yangu ya kwanza Nairobi, nilimwambia asinifundishe chochote. Mji ni mji.

Asubuhi Senje alienda sokoni kutafuta mahindi ya kuchemsha na maharagwe, githeri anayowauzia mafundi wa Jogoo Road. Nikaona pipa lake uani limejaa maji. Nikaoga kama niko mtoni kwetu. Nikafua suruali. Nikaosha viatu vyangu vyeupe, maana jioni nilitaka kuonekana. Yaliyobaki nikanyunyizia ua, vumbi litulie.

Sikujua bomba la huku hutoa maji Jumanne na Jumamosi tu.

Senje aliporudi akafunua pipa, akaona chini. Mimi hakuniuliza. Mgeni haulizwi. Alienda moja kwa moja mlangoni kwa Mama Brayo, jirani aliyekaa naye ua huo miaka ishirini na kuimba naye kwaya moja.

“Si ungeniomba tu, Mama Brayo! Nimewahi kukunyima nini?”

“Mimi, Mama Nekesa? Mimi niibe maji? Wewe leo umeamkaje?” Hapa uani Senje ndiye Mama Nekesa.

Majirani wakatoka. Ua mzima ukasikia neno mwizi. Na mimi, mwenye mdomo unaoshinda redio, nilikuwa nyuma ya pazia nikipuliza viatu vikauke.

Githeri haikupikwa. Mafundi wamekula kwingine.

Saa nane Mama Brayo akaja na mtungi wa lita kumi, macho mekundu. Akautua mlangoni. “Haya si yako,” akamwambia Senje. “Ni ya mgeni. Yeye hana kosa.”

Mimi shule niliachia darasa la saba, lakini hesabu ya maneno hayo naiweza.

Mchana wote nimejitetea moyoni. Kwamba sikujua. Na kweli, mambo ya bomba sikuyajua. Ya Mama Brayo niliyajua.

Sasa hivi Senje anapika chai, anaimba sauti ya pili peke yake. Sauti ya kwanza iko ng’ambo ya ukuta, imenyamaza. Mimi ndiye niliyeizima.

“Wafula, baba, njoo unywe ikiwa moto!”

Nimemwambia aweke vikombe vitatu. Anauliza cha tatu ni cha nani.

Wacha niweke simu chini nikamwambie.