Farasi Kumi na Watano Waliozuka Kwenye Karatasi

Mama Mshauri mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Nchelenge nikiwa na hasira, wala sizifichi, kwa kuwa sauti yako ya redioni inasikika pande zote mbili za ziwa na huenda ukawa mtu wa kwanza kunisikiliza bila kuniamuru nikaombe radhi kwa kosa la kusema kweli. Nina shahada ya uchumi, nimesoma vitabu vingi kuliko wote wanaonihukumu, lakini shauri lenyewe ni hili: nimemchumbia Luse, binti wa kijiji cha Kabuta, na shibukombe, mshenga wangu, alipeleka kwao zile sahani mbili zilizofunikana, wazazi wake wakazipokea na kuzihifadhi, maana yake wamenikubali, na sasa baba yake ametuma neno kwamba sahani zitarudi kwangu Jumamosi, yaani uchumba utavunjika, na chanzo ni kaka wa Luse, Royd, ambaye ni fundi wa magari.

Royd aliitengeneza upya injini ya petroli ya gari la Kingsley, lile linalobeba samaki kutoka Kabuta, akamwahidi nguvu za farasi tisini na tano, kisha wakalipeleka kwenye gereji moja ya Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba, yenye mashine ya kupimia, ambako gari hupandishwa juu ya roli, yaani magogo ya chuma yanayozunguka, na kukanyagwa mafuta huku magurudumu yakizunguka palepale. Royd akarudi na karatasi, akaitembeza mwaloni, samaki wanakoshushwa, kama cheti cha ubatizo. Nikaiomba, nikaisoma, na chini kabisa nikakuta: zilizopimwa, 82, zilizorekebishwa, 97. Mama, mashine yenyewe imeona themanini na mbili! Nikauliza mbele ya wachuuzi na madereva: hao kumi na watano wametoka zizi gani?

"Ile ni hewa, shemeji," Royd akajibu. "Kule juu hewa ni kidogo, njo maana banazidisha."

"Hewa inazaa farasi?" nikasema. "Huo ni wizi uliopigwa muhuri."

Watu wakaangua kicheko. Suzanne, mnunuzi wa samaki kutoka Kongo, akapaza sauti: "Fundi, uniwekee na mie ile hewa ku baskeli yangu!" Kingsley hakucheka, siku hiyohiyo alichukua funguo zake, na madereva wengine wawili wakaondoa magari yao kwa Royd.

Sasa mimi ndiye mkosaji! Luse naye ananiuliza, "Ulikuwa unataka kujua, ao ulikuwa unataka kushinda?" kana kwamba hayo ni mambo mawili. Je, msomi akiona namba imepikwa anyamaze kwa sababu anaoa?

Saviour M.

*

Saviour,

Namba haikupikwa. Sikujibu kwa kubahatisha: nilimpelekea barua yako Barthélemy, fundi wa Lubumbashi anayeitumia mashine kama hiyo. Aliisoma mara mbili akitikisa kichwa.

Injini inakula petroli pamoja na hewa. Copperbelt iko juu sana ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyembamba. Joto likizidi, inapungua tena. Injini ileile ikipimwa asubuhi ya baridi ya Juni, kisha mchana wa Oktoba, itatoa namba mbili, ilhali fundi hajagusa hata skrubu. Kwa hiyo hupimwa pia hewa ya siku hiyo, na namba ya mashine ikazidishwa ili kujibu swali moja: injini hii ingetoa nguvu kiasi gani katika hewa ya kipimo kilichokubaliwa na wote? Hicho ndicho kizidisho cha marekebisho. Siku ile kilikaribia 1.18, zidisha 82 mwenyewe. Wewe mwanauchumi unapolinganisha bei za miaka tofauti, huondoi kwanza mfumuko wa bei? Mbona huko huiti wizi?

Ulikuwa na haki kidogo, sikunyimi. Gari la Kingsley halivuti samaki kwa namba iliyorekebishwa. Huku ziwani, kwa kuwa ni chini kuliko Copperbelt, litapata zaidi ya 82, ila halitafika 97, na Royd alipaswa kumsomea namba zote mbili. Tena ingekuwa injini yenye turbo, inayojisukumia hewa, kuizidishia vivyo hivyo kungekuwa kutia chumvi. Lakini hukuuliza lolote kati ya hayo! Fundi alisimama mbele yako, akakupa jibu sahihi kwa maneno machache, ukaligeuza kichekesho, na leo amekosa kazi. Mchumba wako amekuuliza swali zito kuliko yote uliyonayo, nawe umelidharau.

Usimtume mshenga, mdomo ulioharibu ni wako. Kabla ya Jumamosi nenda mwaloni Kabuta wakati wa kupakia samaki, Kingsley, Suzanne na madereva wakiwapo. Mwambie Kingsley kwamba Royd alitimiza ahadi kwa kipimo kinachotumika kote, na uisome namba ya kwanza pia, ile 82, kwa sauti. Kisha mgeukie Royd. Akitaka kueleza habari za hewa, mwache aeleze yeye, hata kama ungeweza kuzieleza vizuri zaidi. Wewe sema "nilikosea", halafu funga mdomo. Neno "lakini" usilitamke.